Farasi wa Moto 2026: kuogopa kuzaa binti kisa mwaka, ni mila au uonevu?

Wadau, naona watu wanatumiana vile vibao vya "umezaliwa mwaka gani, wewe ni mnyama gani", panya, joka, nyoka na wenzao mpaka 12, kwetu ni burudani tu. Japani haikuwa burudani hata kidogo.

Iko hivi, wale wanyama 12 wa kalenda ya Kichina wanapokezana na asili tano (mbao, moto, udongo, chuma, maji), kwa hiyo Farasi wa Moto anarudi kila miaka 60: 1906, 1966, na sasa 2026. Wajapani wanauita Hinoeuma, na imani ya tangu zamani ni kwamba mwanamke wa mwaka huo ana hasira kali na atamfupishia mumewe maisha. Wanaihusisha na Oshichi, binti wa muuza mboga wa Edo, Tokyo ya leo, aliyeuawa 1683 kwa kosa la kuchoma moto, inasimuliwa alizaliwa 1666. Sasa ona: 1965 walizaliwa watoto milioni 1.82, 1966 wakashuka mpaka milioni 1.36, 1967 wakapanda milioni 1.94. Robo nzima imepungua bila vita bila njaa, tena kwenye nchi iliyokuwa imeshaandaa Olimpiki 1964 na treni ya mwendo kasi ya Shinkansen inakimbia! Mi nasema huo ni uonevu kwa watoto wa kike na mila isitumike kuufunika.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu unakuza mambo. Watu walisogeza tu mwaka, ndo maana 1967 ikajaa, kupanga uzazi ni haki yao. Na mbona Joka humtaji? Mwaka wa Joka Singapore na Taiwan watu wanakimbilia kuzaa, 2024 aliyekuwa waziri mkuu wa Singapore, Lee Hsien Loong, mwenyewe aliwahimiza vijana kwenye salamu za mwaka mpya waongeze kajoka nyumbani. Imani ni ile ile, na huko inaleta watoto.

MCHANGIAJI WA PILI: Niko na mleta mada. Nadhani wengi walioahirisha hata hawakuamini, waliogopa wakwe watakaoamini miaka ishirini mbele binti akija kuposwa. Huku pwani wazee walikuwa na kigego, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, akaonwa mkosi na wapo waliouawa. Ukimuuliza mama mmoja mmoja alikuwa anampenda mwanae, ila watu wote wameshasema, afanyeje?

MLETA MADA: Asante dada, hapo ndo penyewe. Mkuu wa kwanza, "walisogeza tu" sikubali, kuna waliokuwa tayari na mimba wakazitoa. Na ile 1906 wazazi waliwaandikisha mabinti kama wamezaliwa mwaka wa kabla au wa baada, yaani unadanganya tarehe ya mwanao ili aje apate mume, wa kiume hana shida. Joka nae sio heri tupu, watoto wakizaliwa wengi mwaka mmoja wanakuja kugombania madawati yale yale na baadae kazi zile zile.

Afu kubwa zaidi, Japani iliacha kalenda ya kufuata mwezi mwandamo 1873, inahesabu Hinoeuma kuanzia 1 Januari, China mwaka wa Farasi umeanza 17 Februari. Binti aliyezaliwa 10 Januari 2026 kwa hesabu ya Tokyo ni Farasi wa Moto, kwa hesabu ya Beijing bado ni Nyoka. Huyo mtoto kosa lake liko wapi? Na ni nchi ambayo 2024 ilipata watoto 686,061 tu, kama nusu ya wale wa 1966 waliokimbiwa.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Hilo la Januari ni zito nakubali, ila bado mzazi asilazimishwe kuzaa mwaka asioutaka.

MLETA MADA: Hakuna anayemlazimisha mkuu. Ninachodai ni yule aliyezaliwa asiulizwe mwaka wake siku ya posa.