Chupa za chai 600 kutoka China: nicheki nini kabla ya kutuma hela?

MamaVyombo
Wakuu habari za leo. Nauza vyombo Kariakoo. Kuna kiwanda nimekipata mtandaoni, chupa za chai za chuma za lita 1, dola 3.80 kila moja, EXW, oda ya chini 600. Katoni ni chupa 12, sentimita 50 × 40 × 36. Wanataka 30% sasa na 70% mzigo ukiwa tayari. Bei ndiyo hiyo tu? Na nitajuaje kama si matapeli?

MzigoDar
Hiyo 3.80 ni bei ya mlangoni kwao. EXW maana yake lori la kwenda bandarini na taratibu za forodha za China ni juu yako. Omba bei ya FOB, na bandari itajwe, mfano FOB Ningbo. Hapo gharama hadi mzigo upakiwe melini ni zao.

Ujazo: 0.50 × 0.40 × 0.36 ni CBM (mita za ujazo) 0.072 kwa katoni. Katoni 50 ni CBM 3.6, kwa hiyo utachangia kontena na wenzako. Nauli hapo hutozwa kwa CBM au tani, chochote kilicho kikubwa, na chupa ni nyepesi, kwa hiyo utalipia ujazo. Saizi ya katoni iandikwe kwenye profoma, yaani ankara ya awali wanayokupa kabla hujalipa. Ikiongezeka sentimita 5 tu kila upande, 3.6 inakuwa karibu 5.1, na faida yako imeishia kwenye nauli.

Ushuru unapigwa kwenye CIF, yaani bei ya mzigo, nauli na bima. Tuseme CIF ni dola 3,000 na ushuru 25%: hiyo ni 750. VAT 18% inapigwa juu ya 3,750, si 3,000, inakuja 675. Bado tozo nyingine, bandari na wakala. Mpe wakala wa forodha picha na maelezo akutafutie HS code (namba ya forodha ya bidhaa, ndiyo inayoamua ushuru) sasa hivi, maana bidhaa nyingi zilizokamilika ni 25% na nyingine 35%. Muulize pia kama TBS (Shirika la Viwango) wanataka cheti cha ukaguzi kinachotolewa huko huko kabla ya kupakia.

Kagua_Kwanza
Kuhusu utapeli: omba leseni ya biashara. Ya China ina namba yenye tarakimu na herufi 18, na jina lililopo lazima lifanane na jina la akaunti ya benki. Wakikupa akaunti ya mtu binafsi, acha. Ikija barua pepe kwamba "akaunti imebadilika", usijibu hapo hapo, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Wezi huingia kwenye barua pepe za muuzaji na kusubiri siku ya malipo.

30% yako ni dola 684. Zile 1,596 zilizobaki ndizo nguvu yako, usizitoe kabla ya ukaguzi.

MamaVyombo
Sampuli nishaipata na ni nzuri sana. Bado nikague?

Kagua_Kwanza
Ndiyo dada, kagua. Sampuli huchaguliwa, mzigo haujachaguliwa. Lipa mkaguzi wa kujitegemea huko huko, afungue katoni anazozichagua yeye, si zilizopangwa mbele. Ajaze maji yanayochemka, afunge, ailaze chupa dakika 10. Maji yakivuja kwenye kifuniko, mpira ni mbovu. Ubavu ukipata joto, ombwe halipo na chai itapoa kabla ya saa nne asubuhi.

Chuma nacho: andika kwenye profoma kwamba ndani ni chuma cha pua daraja la 304. Wengine huweka 201, ni rahisi zaidi lakini hushika kutu upesi. Sumaku haitakusaidia, zote mbili kwa kawaida hazinasi. Mkaguzi awe na dawa ya matone ya kupimia manganizi, maana 201 ina manganizi nyingi zaidi.

MzigoDar
Na uliza tarehe ya kumaliza kazi. Ikikaribia mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa na oda ya haraka haraka ndiyo hutoka na kasoro.