Je, Arthur Church ndiye aliyepanga katikati ya Nairobi?

Swali
Ndugu zangu, huandikwa mara kwa mara kwamba kitovu cha Nairobi kilipangwa na Arthur Church, mhandisi msaidizi wa Reli ya Uganda, aliyechora mwaka 1898 ramani ya mji wa reli yenye Victoria Street na Station Street, njia kumi za kukatiza, nyumba za watumishi na eneo la biashara la Wahindi. Wengine humtaja Sajini George Ellis, aliyeweka hapo kituo cha usafirishaji mwaka 1896, au George Whitehouse, mhandisi mkuu. Nani anastahili sifa hiyo?

Jibu la 1
Ellis alitangulia kufika, lakini kufunga nyumbu na maksai mahali si kupanga mtaa. Reli ilihitaji tambarare yenye maji kwa ajili ya karakana na bohari kabla ya kupanda miinuko ya Kikuyu, na uamuzi wa namna hiyo haukuwa wa mhandisi msaidizi. Church alichora alichoagizwa, kwa hiyo mimi namhesabu Whitehouse.

Jibu la 2
Naomba kutofautiana nawe, ndugu. Reli ilipofika mwaka 1899, John Ainsworth, mkuu wa utawala wa Kiingereza katika Jimbo la Ukamba, alihamisha utawala kutoka Machakos na kuweka ofisi zake ng'ambo ya mto, mbali na stesheni. Kanuni za mji za mwaka 1900 zilipima mpaka kwa nusu kipenyo cha maili moja na nusu kutoka ofisi ya utawala, wala si kutoka stesheni (jambo ambalo wapenzi wa historia ya reli hawapendi kulitaja). Isitoshe, bazaar ya Wahindi iliteketezwa kwa amri wakati wa tauni ya mwaka 1902. Tukimpa Church mji mzima, tunampa hata vilivyojengwa baada ya moto ule.

Jibu la 3
Mimi ningempa Church mistari yake, basi. Victoria Street ipo mpaka leo kwa jina la Tom Mboya Street, na anayeipita kila siku anatembea juu ya kazi ya mhandisi. Ila kama mistari ni yake, na upungufu wake tusimwondolee: ramani ile iliwawekea nafasi watumishi wa Kizungu na wafanyabiashara wa Kihindi, huku vibarua Waafrika wakiachwa wajitafutie pa kulala nje yake. Pumwani, mtaa uliotengwa rasmi kwa ajili yao, ulikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Church akiwa amekwisha kuikunja ramani yake zamani.