Pogge anasema wananchi wa nchi tajiri wanawadhuru maskini. Wanawadhuru vipi?

Msomi Kijana:
Wakuu, habari zenu. Nimemaliza kitabu cha mwanafalsafa Thomas Pogge cha mwaka 2002 kuhusu umaskini duniani na haki za binadamu, na hoja moja imenikwama kooni. Mwanafalsafa mwenzake Peter Singer, mwaka 1972, alitoa mfano wa mtoto anayezama kidimbwini: ukipita ukamwona, na kumwokoa hakukugharimu kitu kikubwa, lazima umwokoe. Hilo naliafiki. Pogge anakwenda mbali zaidi. Kwake yeye, raia wa nchi tajiri si wapita njia tu, bali wamo miongoni mwa waliomsukuma mtoto majini. Sasa mlipa kodi wa Berlin ambaye hajamwibia mtu hata senti, amemsukuma nani?

Mfamasia Mstaafu:
Ndugu yangu, usimtazame yule mtu, tazama kanuni ambazo serikali yake inazipitisha kwa jina lake. Wanajeshi wakipindua serikali leo, kesho wanatambuliwa kuwa na haki ya kuuza mafuta ya nchi, tena mnunuzi anapata umiliki halali. Wangevunja ghala la mtu, mnunuzi wao angehesabika kuwa amenunua mali ya wizi. Na wanaweza kukopa kwa jina la taifa. Mobutu aliitawala Zaire, Kongo ya leo, tangu 1965 hadi 1997. Alipokimbia, madeni hayakukimbia naye.

Lakini mimi Pogge alinipata kwenye dawa, maana ndiyo kazi niliyoifanya. Mkataba wa TRIPS, unaolinda haki za wabunifu katika biashara, ulianza kutumika Januari 1995 pamoja na Shirika la Biashara Duniani, ukazibana nchi wanachama kutoa hataza za dawa, yaani haki ya mgunduzi kuzuia wengine wasiitengeneze wala kuiuza dawa yake, kwa miaka 20. Kufikia mwaka 2000, ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za mgonjwa mmoja kwa bei ya wenye hataza zilipita dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuziuza dola 350 kwa mashirika ya misaada. Mchanganyiko wa dawa ni uleule! Na wakati huo kampuni 39 zilikuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya kupata dawa za bei nafuu, kesi waliyokuja kuifuta Aprili 2001.

Nilikuwa dirishani. Nilipokea cheti cha daktari kilichoandikwa vizuri, nikajua dawa ipo duniani, nikamrudishia mama wa watu karatasi yake. Kwa hiyo mtu akiniambia nchi tajiri zilishindwa tu kusaidia, sikubali. Kuna waliokaa mezani wakaandika kwamba anayetaka kuitengeneza kwa bei nafuu azuiwe.

Hoja kwa Hoja:
Mzee, heshima kwako, ila naona tunawapa watawala wezi pa kujifichia. Mwanafalsafa John Rawls, aliyemfundisha Pogge mwenyewe kule Harvard, aliandika mwaka 1999 kwamba utajiri wa taifa unatokana zaidi na utamaduni wake wa kisiasa. Kanuni za dunia ni zilezile kwa wote, mbona wengine wanapaa na wengine wanadidimia?

Mfamasia Mstaafu:
Pogge hamsamehi mwizi hata kidogo. Anauliza kwa nini wizi wa ikulu unalipa kiasi hicho. Toa ile haki ya kuuza mafuta na kukopa, uone wangapi wataendelea kupigania ikulu kwa bunduki. Tofauti kati ya nchi na nchi zinaonyesha kwamba uongozi wa ndani una uzito, nami nakubali. Hazionyeshi kwamba kanuni hazina uzito.

Msomi Kijana:
Sawa, nimeanza kukuelewa. Sasa yule wa Berlin afanye nini? Hawezi kuuhama uchumi wa dunia.

Mfamasia Mstaafu:
Pogge hamtaki ahame. Anamtaka afidie sehemu yake ya madhara, kwa kupigania kanuni zibadilike au kuwakinga wanaoumizwa nazo. Mwaka 2008 yeye na mwanauchumi Aidan Hollis walitoa pendekezo la mfuko wa kimataifa unaogharamiwa na serikali: kampuni inasajili dawa yake mpya, inaiuza duniani kote karibu na gharama ya kuitengeneza, na kwa miaka kumi inalipwa kulingana na afya ambayo dawa hiyo imeokoa. Hataza haifutwi.

Naliunga mkono kwa moyo wote, ila kuna mahali pananisumbua kitaaluma. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa nne kwa pamoja. Akipona, utaigawia kila kampuni afya kiasi gani? Aliyesoma takwimu za afya humu atusaidie hapo.