Mjadala: Pikipiki ya zamani kuiacha superbaiki barabarani, ni kweli au ni soga za vijiweni?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Ubishi wa zamani umerudi vijiweni na safari hii umekuwa mkali. Mzee mmoja mwenye Honda XL125 ya miaka ya themanini, zile walizokuwa wakipanda mabwana shamba, anasimulia kwamba alipanda Lushoto kutoka Mombo na kijana mwenye Yamaha R1, superbaiki, yaani pikipiki ya kasi iliyoundwa kwa mtindo wa mbio, akabaki nyuma yake kona hadi kona. Nusu ya kijiwe wanacheka, nusu wanaapa kwamba inawezekana kabisa.

Msimamo wangu nautanguliza: mzee hasemi uongo. Nauleta hapa kwa sababu nawaona vijana wakitoa mamilioni kununua nguvu ambayo barabara zetu hazina pa kuitumia, huku wakibania hela ya matairi na ya kujifunza kuendesha. Hilo linaniuma.

Tuanze na namba. R1 ya mwaka 2015 ilitangazwa na nguvu ya farasi 200, lakini nguvu hiyo yote unaipata injini ikizunguka mara 13,500 kwa dakika. Gia ya kwanza peke yake inakupeleka zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Sasa niambieni, kati ya Mombo na Lushoto, kilomita thelathini na ushee za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, ni wapi utaimaliza hata hiyo gia ya kwanza? Kijana yule alikuwa na gia tano nyingine ambazo kwa mlima ule ni mzigo tu.

Upande wa pili, kutembea kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare, mtu akiwa amekaa wima na upepo unampiga kifuani, kunahitaji farasi kumi hadi kumi na tano hivi. XL125 ina kama kumi na mbili. Ndogo, ndiyo. Lakini kwenye mlima wa kona mfululizo hakuna anayefika mia. Watu wanatembea arobaini, hamsini, sitini, na hapo pengo la farasi 12 na farasi 200 linasinyaa kuliko watu wanavyodhani.

Kinachoamua ni kona, na kona haijali cc. Chukua kona ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 50. Ukiilaza pikipiki nyuzi 35 kutoka wima, utaipita kwa kilomita 67 kwa saa hivi. Ukiilaza nyuzi 45, ni kama 80. Hesabu hiyo haina injini ndani yake, wala uzito haumo. Ni kasi, ukubwa wa kona na ulalo basi. Anayeilaza pikipiki kwa uhakika atamwacha anayeogopa, hata kama anayeogopa kapanda chombo kilichoshinda mashindano ya dunia. Na mwenye superbaiki mpya ana haki ya kuogopa: akianguka, kioo cha pembeni peke yake ni bei ya kuifanyia XL ukarabati mzima.

Halafu njoo kwenye lami yenyewe. Matuta, mashimo, mchanga ulioletwa na mvua, oili ya malori, kokoto za waliokata kona kupitia pembeni. XL ina tairi la mbele la inchi 21, shokapu zenye mchezo mrefu, na dereva wake anakaa wima anaona mbali. Superbaiki ina shokapu ngumu zilizotengenezwa kwa lami laini ya uwanjani, tumbo lake liko chini, na dereva ameinama macho yanaangalia mita chache mbele. Kila tuta ni kusimama. Mzee yeye anasimama kwenye kanyagio na kupita.

Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, ila tuje na hoja, tusije na bei ya pikipiki.

Mwenye superbaiki, Nairobi

Heshima kwako mleta mada, hesabu ya kona umeieleza vizuri. Lakini umechagua uwanja unaoipendelea nduthi ya mzee, kisha ukatangaza mshindi.

Mimi natoka Nairobi kwenda Naivasha mara nyingi, na njia ya chini ya Mai Mahiu naijua. Shida kubwa pale si kona, ni malori. Lori linapanda kwa kasi ya mtu anayetembea, nyuma yake kuna foleni ya matatu na magari madogo, na nafasi ya kupita ni fupi mno. Mimi nikiona barabara iko wazi, nakaza mafuta, sekunde chache nimeshapita na nimerudi upande wangu. Mwenye 125 anatoka upande wa pili, anakaza mpaka mwisho, na bado yuko ubavuni mwa lori akimwangalia anayekuja. Nguvu ambayo wewe unaiita mzigo imenitoa kwenye hatari nyingi kuliko nilivyoingizwa nayo.

Pili, breki. XL za zamani zina breki za dramu. Mvua ikinyesha na maji yakaingia, unabana na hakuna kinachotokea, kisha ghafla inashika. Pikipiki ya kisasa ina diski kubwa mbili mbele na mfumo wa ABS unaozuia tairi kujifunga. BMW waliuweka kwenye K100 mwaka 1988, leo Ulaya huruhusiwi kuuza pikipiki mpya ya kawaida ya barabarani ya zaidi ya cc 125 bila huo mfumo. Na hiyo R1 ya 2015 unayoisema ina kifaa kinachosoma ulalo wa pikipiki, kinapunguza nguvu kabla tairi la nyuma halijateleza. Mzee ana mkono wake tu na bahati.

Kwa hiyo ukisema ya zamani inaiacha mpya, sema pia ni wapi na kwa hatari gani.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Nairobi, la malori nalikubali moja kwa moja. Kwenye kupita, nguvu ni usalama, na mlima Kitonga kule Iringa ni ushahidi ule ule: mwenye injini ndogo anakaa nyuma ya lori akivuta moshi hadi juu.

La breki nalikubali kwa mpaka. ABS inakusaidia ukishabana. Sekunde kabla ya kubana ni ya kwako mwenyewe. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula mita 28, na hata breki bora kabisa kwenye lami kavu zitataka karibu mita 40 nyingine. Sasa mwenye superbaiki anayetembea 140 kwa sababu anaamini breki zake, na mzee anayetembea 60 kwa sababu haziamini zake, nani atasimama kabla ya ng'ombe? Kasi ndiyo inayokula faida ya breki, na pikipiki ile inakufanya uione 140 kama 80, kwa sababu imetulia na haitetemeki. Hilo ndilo linalonitia hofu na vyombo hivi vipya.

Fundi, Morogoro

Nawasalimu wote. Mimi nafungua pikipiki kila siku, kubwa na ndogo, na naona mnabishana juu ya injini wakati jibu liko chini yake.

Superbaiki nyingi zinazokuja kwangu zimeingia nchini zikiwa zimetumika. Mwenyewe anajua cc, anajua ekzosi ya nani, anajua rangi. Mwulize matairi ni ya mwaka gani, hajui. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne baada ya herufi DOT. Ukiona 2314, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nakuta tairi lina kashata nzuri kabisa, limeng'aa, lakini mpira umekauka umekuwa mgumu kama ubao. Tairi hilo halishiki kona, na kompyuta yote ile ya kusoma ulalo haina la kufanya, kwa sababu inagawa mshiko uliopo, haitengenezi mwingine.

Kuna wengine wananunua matairi laini ya uwanjani wakidhani ndiyo yana nguvu zaidi. Matairi yale yanataka joto. Asubuhi ya baridi kwenye kona za Uluguru hayapati joto hata ufike juu, kwa hiyo umelipa zaidi ili uteleze.

XL ya mzee sasa. Tairi lake ni la kawaida, la kudumu, amelinunua mwaka huu kwa sababu ni bei anayoiweza. Kabureta anaisafisha mwenyewe. Cheni anaijua imelegea kiasi gani. Pikipiki yote iko katika hali yake ya asilimia mia, na ile kubwa iko katika hali ya asilimia hamsini. Nusu ya farasi 200 ingetosha sana, lakini nusu ya mshiko haitoshi.

Ila nisimpendelee mzee kupita kiasi. Naletewa pikipiki za zamani ambazo mpira wa mafuta umepasuka, bearingi za hendeli zimeliwa, spoku zimelegea, na mwenyewe anajisifu ni chuma cha Mjapani. Chuma cha Mjapani kinachakaa pia. Ukiwa na pikipiki ya miaka arobaini na huijui bearingi, usije kushindana na mtu yeyote.

Mdau, Liverpool

Mimi ni wa Tanga, naishi Liverpool, na boti za kwenda kisiwa cha Isle of Man zinaondokea hapa. Nashangaa hakuna aliyeitaja, maana ule ndio mtihani wa barabara halisi: mzunguko wa kilomita 60.7 wa barabara za kawaida, zenye kuta za mawe, nyumba na nguzo, zinafungwa kwa ajili ya mbio za pikipiki za TT.

Mike Hailwood alirudi pale mwaka 1978 akiwa na miaka 38, baada ya kukosekana miaka 11, akashinda mbio za TT za daraja la Formula 1 la pikipiki juu ya Ducati. Mzunguko wake bora kwenye mbio hizo ulikuwa kilomita 178 kwa saa kwa wastani. Peter Hickman mwaka 2023, juu ya BMW M1000RR iliyo karibu sana na ya dukani, akazunguka kwa wastani wa kilomita 219. Hailwood ni mmoja wa madereva wakubwa kabisa waliowahi kuzaliwa, kwa hiyo tofauti ya kilomita 41 usinipe ya dereva tu. Lami imeboreshwa, kona nyingine zimepanuliwa, lakini sehemu kubwa ya tofauti ile ni ya chombo: fremu, shokapu, breki, matairi na farasi. Mleta mada, ukimpa dereva yule yule pikipiki mbili, ya kisasa itashinda. Hapo sioni pa kubishana.

Lakini hesabu ile ile inamsaidia mzee wako. Bob McIntyre alikuwa wa kwanza kuzunguka pale kwa wastani wa maili 100 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 160, mwaka 1957. Alipanda Gilera ya cc 500 yenye breki za dramu. Nani kati ya wenye superbaiki tunaowajua anaweza kuweka wastani huo kwa kilomita 60 za kona? Pikipiki ya mwaka 1957 ilikuwa na uwezo mkubwa kuliko ambao karibu sote tunaweza kuutumia.

Mleta mada

Mdau wa Liverpool, hapo ndipo nilipotaka tufike. Dereva mmoja, barabara imefungwa, pikipiki zote mbili ziko sawasawa: ya kisasa inashinda, na nimeridhika nalo. Ninachokataa ni watu kuchukua ushindi huo wa barabara iliyofungwa na kuuleta Lushoto, ambako kuna basi dogo linashuka katikati ya barabara, watoto wanatoka shule na mwanya wa kukosea haupo. Pale dereva anatumia sehemu ndogo ya chombo chake, na anayejua njia na kulijua tairi lake anakuwa mbele.

Kwa hiyo kijana akiniuliza leo, nitamwambia anunue pikipiki ya kati, ya farasi arobaini au hamsini, yenye ABS, na hela inayobaki aiweke kwenye matairi mapya, helmeti ya maana na mwalimu wa kumfundisha kona na breki. Nguvu hiyo inatosha kulipita lori la Mai Mahiu bila kumficha dereva asijue anatembea ngapi.

Mwenye superbaiki, Nairobi

Farasi hamsini na ABS, hilo nalipokea kwa anayeanza. Yangu siiuzi. Ila mambo ya kupimana barabarani na watu wapo, mimi sishiriki na sitashiriki. Kama kuna mtu anaweza kupata kiwanja kilichofungwa, njia ya ndege isiyotumika au uwanja wa mbio, nitakuja na yangu na mzee aje na XL. Masharti yangu ni mawili: fundi wa Morogoro akague matairi ya zote kwanza, na kila dereva aendeshe pikipiki zote mbili, saa ichukuliwe kwenye kona zilizowekwa alama. Mleta mada, mwulize mzee kama yuko tayari kuniazima.