Wakili nimepunguzwa kazini, nianzie wapi?

Wakuu, mi wakili mwaka wa 3 tangu niapishwe, ofisi niliyokuwepo hapa Dar wateja wamekauka wakaanza kupunguza watu na mimi nikawemo, nimeambiwa kwa mdomo tu kesho usije. Kodi inaisha mwezi ujao. Nibaki kwenye sheria au nitafute kingine?

— Pole sana mdogo wangu. Kwanza haki yako, una siku 30 tu kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi), zisipite ukiwa umelala na mawazo. Kama ulimaliza mwaka pale dai kiinua mgongo, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza, na hela ya notisi juu. Tunawapigania wateja afu yetu tunaacha, inaniuma sana hii.

— Mkuu mi nilitoka mahakamani nikahamia ulinzi wa taarifa binafsi, sheria ya 2022 inataka taasisi ziwe na afisa wa hiyo kazi, jaribu benki, hospitali, bima, na mawakili wengi bado hawajaisoma.

— Usiache kuhuisha leseni kaka, hata ukiwa unasajilia watu kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) kwa laptop yako nyumbani. Mi kazi hizo ndo zilinilipia kodi.