Mrejesho: mwanangu anayepanda kila kitu

Habari zenu mama wenzangu, na wakubwa shikamooni. Niliwaomba ushauri kuhusu mwanangu wa miezi 11 aliyevuta droo za kabati, akazipanda kama ngazi, kabati likayumba. Asanteni mno. Fundi seremala amelifunga ukutani kwa vyuma na skrubu, sasa halitikisiki. Mafuta ya taa niliyokuwa nayaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa (msifanye hivyo, jamani) nimeyafungia juu kwa kufuli. Ndoo za bafuni hazilali na maji tena.

Kupanda hajaacha. Nimemtandikia godoro sebuleni, namfundisha kushuka kinyumenyume, miguu ikitangulia, kama mlivyonielekeza. Jana alishuka kitandani hivyo mwenyewe, akanigeukia anacheka. Machozi yalinitoka.