Amplifaya ya valvu ya wati 5 na spika zinazoshindwa: naombeni ushauri

Mjukuu wa Chumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Marehemu mjomba kaniachia amplifaya ya valvu, valvu moja ya EL84 kila upande, wati 5 kwa makadirio ya fundi. Kapasita zilizovimba zimebadilishwa, nikaweka taarab ya zamani. Wallahi nilikaa kimya: unamsikia mwimbaji anavuta pumzi, na kanuni unasikia uzi mmoja mmoja. Lakini dumbaki na besi zikiingia pamoja, sauti inakunjamana kama karatasi. Spika ni ndogo za mezani, wufa (spika ya besi) inchi 5, nyuma zimeandikwa omu 4 (ukinzani wake kwa umeme), 87 dB, 2.83 V. Chumba ni mita 4 kwa 5. Rafiki ananishauri ninunue ya transista ya wati 100, hii niiweke kabatini. Moyo unakataa. Nifanyeje?

Fundi Mstaafu:
Mwanangu, pole kwa msiba. Amplifaya haina kosa. Tatizo ni spika, na hiyo 87, yaani desibeli za sauti inazotoa ukiwa mita 1 kwa volti 2.83, isikuhadae. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1, kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo kwa wati 1 ya kweli spika zako ni desibeli 84. Wati 5 zinaongeza 7 tu, unafika 91 ukiwa mita 1 mbele yake, na pale unapokaa ni pungufu. Spika ya desibeli 95 kwa wati 1, ukiipa wati hizo hizo 5, inakupa 102. Kuifikisha yako hapo kunataka wati 60 na ushei, maana kila desibeli 3 unazidisha wati mara mbili.
Halafu niambie, waya umeuchomeka wapi? Nyuma ya amplifaya pana matundu ya omu 4 na 8?

Mjukuu wa Chumbageni:
Shikamoo mzee. Nimechungulia sasa hivi, upo kwenye 8.

Fundi Mstaafu:
Marahaba. Zima, hamishia 4. Hapo ulipo, EL84 inaona omu 2,500 hivi badala ya 5,000 inazozitaka. Wati zinapungua, mkwaruzo unazidi.

Bi Kanuni:
Naomba niongezee, msitazame desibeli peke yake. Amplifaya hizi, hasa zisizo na fidibaki (njia ya kurudisha sehemu ya sauti inayotoka ili amplifaya ijisahihishe), haziishiki koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, kama transista. Spika ambayo ukinzani wake unashuka hadi omu 3 hapa na kupanda hadi 20 pale, sauti itafuata mabonde na vilima hivyo. Tafuta ya omu 8 au 16 iliyotulia. Spika ndogo ya LS3/5A ya BBC yenye omu 15 ni mzigo mwepesi, lakini desibeli zake hazifiki hata 84, kwa wati 5 haikufai. Spika kubwa ya Klipschorn ya 1946 inapita desibeli 100. Zama zile wati zilikuwa ghali, kazi ya kukuza sauti ikaachiwa boksi, ila inataka kona mbili safi za chumba.
Mimi ninatumia spika ya Fostex ya inchi 8, desibeli 96, bila krosova (saketi ya kugawa sauti nene na nyembamba), kwenye boksi nililochongewa na seremala wa mtaani. Mwimbaji anakuja mbele kama amesimama sebuleni. Besi ya chini kabisa sina, na sijaikosa.

Mpenda Ngoma:
Si achukue wufa za ukumbini za inchi 15? Zina desibeli 97 na bei poa.

Fundi Mstaafu:
Inawezekana, ila azisikilize kwanza. Nyingi ukingo wake ni mgumu, besi haishuki sana, na bado atataka tweta (spika ya sauti nyembamba) na krosova.

Mjukuu wa Chumbageni:
Nimehamisha waya. Dumbaki sasa inagonga, inakunjamana nikipita nusu ya kitufe cha sauti. Jumamosi naenda kuona spika za inchi 8 zilizotolewa kwenye redio kubwa ya mbao ya zamani. Koni ni ya karatasi nyepesi.

Fundi Mstaafu:
Hizo ndizo. Bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili, sikiliza kama koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inakwaruza. Pima kwa mita: ya omu 8 itasoma 6 hivi, ikisoma 2 au 3 tumia tundu la 4. Na ukibadilisha spika, zima kwanza. Amplifaya ya valvu isiwashwe bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na ya mjomba wako si rahisi kuipata tena.